Mshale Kwenye Ngao ya Kapsimbi

Ijumaa, 2 Juni

Mwenyekiti ametaka kumbukumbu za mkutano ziwe fupi, kwa hiyo nimeandika mstari mmoja: "Iliamuliwa tuombe nembo." Yaliyosemwa kwa saa tatu kabla ya mstari huo nitayaweka humu. Nisipoyaweka mahali yatanichachia tumboni.

Sisi ni watu sitini na kitu wa Kapsimbi tulioko Doha: walinzi, madereva, watu wa hoteli, wafanyakazi wa nyumbani, na mimi Milka, katibu wa chama, karani wa mafaili katika kliniki ya meno hapa Al Mansoura. Kwa miaka minne tumejenga wodi ya kujifungulia kwenye zahanati ya nyumbani, ile iliyochomwa mwaka 2008. Imekwisha. Itafunguliwa Jumamosi tarehe 30 Septemba. Juzi muuguzi wa pale alitutumia picha: fundi rangi wa mheshimiwa, mbunge wetu, yuko juu ya ngazi, anapima ukuta juu ya mlango. Mheshimiwa hajaleta hata ndoo ya mchanga, lakini jina lake ni refu na ukuta wetu ni mweupe.

Ndipo Philip, mwenyekiti wetu, alipotueleza kwamba iko ofisi ya serikali Nairobi ambayo kazi yake ni kutoa nembo. Ukipewa, inaingia kwenye rejista, inatangazwa kwenye gazeti la serikali, na ni yako na ya wajukuu wako. Mtu akibandika jina lake pale anashindana na serikali, si na walinzi wa Doha. Philip ni msimamizi wa wahudumu katika hoteli ya West Bay. Akisema jambo huonekana limekwisha fanyika. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Wadhamini watakaosaini ombi ni watatu: Philip, mimi, na Kiptoo. Kiptoo ni mlinzi wa lango, anakaa kambi ya kampuni yao Al Rayyan. Ndiye aliyetoa wazo la wodi miaka ile, hilo simnyimi, lakini neno lake la kwanza kwa kila kitu ni "ngojeni". Ananichosha. Charity, ambaye ni mfanyakazi wa ndani huko Muaither, alitupangia chai kama kila Ijumaa na kuosha vikombe. Sijawahi kumsikia akichangia hoja.

Jumatatu, 5 Juni

Digrii arobaini na tatu. Nimechora nembo kwa kalamu za rangi za watoto wa kliniki. Kila kundi lilitaka kitu chake, basi nimetia vyote: mama na mtoto, msalaba mwekundu, tochi ya walinzi, usukani wa madereva, ufunguo wa wafanyakazi wa ndani, sinia, ndege, chungu, mto, mshale. Faridah, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, aliutazama mchoro huo akauliza kama tunafungua duka la jumla.

Nimeutuma hivyo hivyo.

Alhamisi, 8 Juni

Afisa wa nembo amenipigia simu saa tatu asubuhi, nikiwa nimeshika mafaili kumi na mawili kifuani. Anaitwa Bwana Silvesta. Anazungumza polepole na Kiswahili chake kimepigwa pasi.

Aliniuliza kama nimewahi kumwona askari wa zamani na ngao yake kutoka ng'ambo ya bonde. Nikasema sijawahi. Akasema hata yeye, lakini kazi yake yote imejengwa juu ya bonde hilo: lile linaloonekana kutoka ng'ambo ndilo nembo, mengine ni mapambo. Msalaba mwekundu una wenyewe na sheria zake, nitoe kabisa. Kisha akaniambia nisimtumie tena mchoro. Anataka maneno. Nembo ni maelezo yake, na mchoraji yeyote, hata wa miaka mia ijayo ambaye hajatuona, ayasome achore kitu kile kile.

"Na kila kilichomo, Bi. Milka, nitakuuliza ni cha nani na kimeingiaje," alisema. "Ngao si mahali pa kuweka kitu usichoweza kukijibia."

Nimekasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakosea kupanga mafaili yote kumi na mawili.

Ijumaa, 9 Juni

Tumekata vitu. Ni kama kuchinja mbele ya wenye kuku. Madereva wametoka nje usukani wao ulipoondolewa, wakarudi kwa sababu nje hakukaliki. Mpaka alasiri vikabaki vitatu: mto, chungu na mshale. Mto kwa sababu Kapsimbi ina watu wa juu ya mto na watu wa chini, na zahanati iko darajani. Chungu kimetoka chini, kwetu, ambako mama aliyejifungua hupikiwa uji kwenye chungu kipya. Mshale umetoka juu, kwa akina Kiptoo.

Nilimwambia mshale hauna uhusiano na uzazi, tuuache. Hapo mtu wa "ngojeni" akasimama. Alisema si mshale wa kuua. Ni ule mfupi, ncha yake imefungwa kijiti usizame zaidi ya ukucha. Unapigwa kwenye mshipa wa shingo ya ng'ombe, damu inatoka kidogo, jeraha linazibwa, ng'ombe anarudi malishoni. Damu inachanganywa na maziwa, anapewa mama aliyezaa ili arudishe nguvu.

"Mimi nilinyonya maziwa yaliyotokana na huo mshale," alisema. "Ukitoka, na jina langu litoke."

Bila jina lake hakuna ombi, maana wadhamini ni watatu. Philip akasema basi, mshale ubaki, ni jambo zuri la kitamaduni. Sote tukakubali. Sauti ya vikombe jikoni ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea. Naandika hilo sasa kwa sababu nililisikia, ila sikulijali.

Jumapili, 18 Juni

Nimeandika maneno mara tisa. "Ngao iliyogawanywa na mto mweupe wenye mawimbi, juu, kwenye kijani, mshale mweusi uliolala, ncha yake imefungwa, chini, kwenye nyekundu, chungu cheusi." Bwana Silvesta amejibu: "Cheusi juu ya nyekundu hakionekani. Rangi ya kiza haiwekwi juu ya rangi ya kiza." Mshale na chungu vimekuwa vya rangi ya dhahabu.

Jumatano, 28 Juni

Idi. Kliniki imefungwa. Nimelala mchana kutwa kama mamba.

Ijumaa, 7 Julai

Wadhamini tumesaini, hati imekwenda. Kiptoo aliisoma yote, kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka Philip akaanza kugonga meza kwa kucha. Kwenye "ncha yake imefungwa" kidole kilikaa. Philip alisaini bila kusoma, na wakati ule niliona hiyo ni dalili ya mtu mkubwa.

Ijumaa, 14 Julai

Tumetangazwa gazetini! Nimesoma maneno yangu mwenyewe kwa sauti mkutanoni: mto, mshale, chungu. Mwenye pingamizi anaitwa alipeleke kwa maandishi kabla ya tarehe 15 Agosti. Lisipotokea, hati ya nembo itatolewa. Philip amesema anayeweza kupinga ni mheshimiwa peke yake, na mheshimiwa hasomi.

Jumanne, 25 Julai

Unyevu umeingia. Miwani inapata ukungu ukitoka tu mlangoni, na shati linakushika mgongo kabla hujafika kituo cha metro. Nahesabu siku.

Jumapili, 30 Julai

Hakuna pingamizi.

Alhamisi, 3 Agosti

Hakuna.

Alhamisi, 10 Agosti

Liko.

Bwana Silvesta amepiga simu akiwa mpole kuliko kawaida, na upole wake ndio ulionitisha. Pingamizi limefika. Analihakiki kwanza kwa aliyeliandika, kisha atatuletea nakala, ndivyo utaratibu ulivyo. Nikamwuliza limetoka upande gani. Akasema hawezi kunijibu nusu. Nikauliza likikubaliwa itakuwaje. Akasema ombi litaanza upya, na kuanza upya hakuishi kabla ya Desemba.

Tarehe 30 Septemba mlango utafunguliwa. Ukuta utakuwa mtupu, na fundi rangi wa mheshimiwa ana ngazi tayari.

Ijumaa, 11 Agosti

Mkutano umekuwa kikao cha kumtafuta mchawi. Philip ana hakika ni mheshimiwa. Mmoja wa madereva akasema labda ni madereva wenyewe kwa ajili ya usukani, akacheka peke yake. Mimi nilimtazama Kiptoo. Nilijiambia mtu huyu tangu mwanzo hakutaka, kila kitu ngojeni, ngojeni, leo katuwekea jiwe barabarani. Nilimwuliza mbele ya watu kama anajua lolote. Akasema hajui. Nikamwambia anaapa? Akasema yeye haapi tena, na akatoka.

Wenzangu walinisifu kwa ujasiri. Nimerudi chumbani nikajisikia vizuri kwa dakika kama kumi.

Jumatano, 16 Agosti

Nakala imefika. Nimeisomea chooni kazini. Ni barua ya mkono, mistari minne, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nane na akautunza.

"Mimi ni mzaliwa wa Kapsimbi, chini ya mto. Mama yangu alipigwa mshale Januari 2008 njiani, akafa kwa sababu zahanati ilikuwa imechomwa. Wanawake watapita mlango huo wakiwa na uchungu. Sitaki waingie chini ya mshale."

Saini ni ya Charity.

Charity wa vikombe. Miaka minne nimekula mandazi yake na sikujua mama yake alikufaje. Nilijua mama yake alikufa "wakati ule", kama tunavyosema sote, tukiruka upesi kama mtu anayeruka dimbwi. Sisi wa chini tuna sababu zetu za kuruka vita vile vya baada ya uchaguzi. Ndugu yangu wa kunifuata alirudi nyumbani mwezi ule amebeba mabati ya mtu wa juu, na jiko la mama yangu limeezekwa kwayo mpaka leo. Hiyo ni mara ya kwanza kuliandika.

Na Kiptoo nilitaka aape mbele ya watu.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimempigia Bwana Silvesta, nikamweleza mshale wa Kiptoo tena, kijiti, damu, maziwa. Akasema anaujua, amesoma maelezo yangu, na ni mazuri. Akasema pia anaiamini barua ya Charity.

"Tatizo, Bi. Milka, wote wawili wamesema kweli. Naweza kuandika ncha imefungwa. Lakini yule anayekuja kwa miguu kutoka ng'ambo ataona mshale."

Kuna njia mbili za kuokoa tarehe. Ama Charity aondoe pingamizi kwa maandishi, ama wadhamini wote watatu wasaini kuuondoa mshale. Kuongeza kitu kunahitaji tangazo jipya, kupunguza hakuhitaji. Nikauliza juu ya mto patabaki na nini. Akasema hapatabaki na kitu, patabaki kijani. Uwanja mtupu ni halali. Mwisho wa kumjibu ni tarehe 4 Septemba.

Ijumaa, 18 Agosti

Charity hakuja. Philip amekwisha soma barua na amefurahi, ndiyo, amefurahi, kwa sababu si mheshimiwa. Aliniita pembeni akasema jambo ni jepesi: Kiptoo hakunjiki, Charity anakunjika. Niende Muaither na barua ya kuondoa pingamizi iliyokwisha andikwa, atie saini.

"Mkumbushe chama ndicho kilichosafirisha maiti ya dada yake," alisema. "Usimtishe. Mkumbushe tu."

Nilisema sawa. Nimeandika barua hiyo jioni, kwa Kiswahili kizuri, na kila neno zuri nililoliweka limenizidishia aibu.

Jumanne, 22 Agosti

Upepo wa vumbi. Jengo la ng'ambo halionekani. Barua iko mkobani.

Ijumaa, 25 Agosti

Mzee wa Kiqatari aliyeng'olewa jino jana alimwambia daktari kwamba Suhail imeonekana, ile nyota yao, basi joto limeanza kufa. Mimi sijaona kufa kokote. Nilishuka basi Muaither saa nne asubuhi na lami ilikuwa inanata.

Tulikutana kwenye baqala, duka dogo la vyakula, karibu na nyumba anakofanya kazi, kwenye viti viwili vya plastiki kati ya friji na magunia ya mchele. Charity alikuwa amevaa vizuri, kama mtu aliyejua nitakuja. Sikumkumbusha maiti ya dada yake. Najisifu kwa hilo, ingawa barua niliitoa.

Aliisoma mara mbili. Akaniuliza kama ni mimi niliyeiandika. Nikakubali. Akasema mwandiko wangu ni mzuri, akaikunja.

Nikamweleza ule mshale ni wa kumsaidia mzazi. Akasema anajua. Mama yake alikuwa mkunga, alivuka mto miaka yote kwenda kuwazalisha wanawake wa juu, aliwahi kushika bakuli la damu na maziwa kwa mikono yake.

"Nitasaini, dada Milka," alisema. "Sitaki mheshimiwa aandikwe pale. Lakini mpelekee Kiptoo barua yangu kwanza, ile niliyoandika mimi. Halafu umuulize: unataka Charity asaini? Akisema ndiyo, nasaini siku hiyo hiyo."

Nikauliza kwa nini yeye. Akasema mshale si wake? Akainuka kununua maziwa ya watoto wa nyumba ile, akaniaga kwa kunishika bega.

Jumatatu, 28 Agosti

Kiptoo hapokei simu yangu. Ningekuwa yeye nisingepokea pia.

Ijumaa, 1 Septemba

Nilikwenda Al Rayyan mwenyewe. Yuko kwenye lango la maghala, ana kibanda chenye kiyoyozi kinachovuja na ndoo chini yake. Aliniona, akatoka, akanipa kiti chake na yeye akasimama. Nilianza kwa kumwomba radhi ya lile la kuapa. Akasema yamepita. Nikampa barua ya Charity.

Aliisoma kwa kidole, kama alivyosoma hati. Mistari minne. Alipofika mwisho kidole kilirudi mwanzo. Lori lilipiga honi langoni akaenda kulifungulia, akaandika namba zake, akarudi. Sikuona chochote usoni mwake, nikaanza kukasirika tena, ndivyo nilivyo.

Nikasema: "Charity anakuuliza, unataka asaini kuondoa pingamizi?"

"Amesema niulizwe mimi?"

"Wewe."

"Kwa jina?"

"Kwa jina, Kiptoo."

Akakaa chini, sakafuni, karibu na ndoo. Mlinzi haruhusiwi kukaa sakafuni akiwa zamu, kamera iko pale juu. Akaanza kuongea akitazama viatu vyangu.

Walikuwa saba. Yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Waliambiwa na wakubwa wao wakae kwenye ukingo juu ya barabara, watu wa chini wanakuja na petroli. Na walikuja kweli, jana yake walikuwa wamekuja na maghala matatu ya mahindi yaliungua. Siku ile wakaona watu barabarani, wakaachia mishale, wote saba kwa pamoja. Hawakuwa watu wa petroli. Alikuwa mama mmoja na mkoba, na msichana nyuma yake aliyekimbilia kwenye makonge.

"Mshale uliompata ulikuwa mmoja," alisema. "Tulikuwa saba, na hakuna aliyeangalia ni wa nani. Mimi sijui. Miaka kumi na mitano sijui."

Nilimwuliza kama alimjua mama huyo. Akasema hakumtazama uso, alimjua jioni, walipoambiwa. Ndiye mkunga aliyemzalisha mama yake alipozaliwa yeye.

Kelele ya kiyoyozi ilikuwa kubwa. Nilifikiria mabati ya jiko la mama. Nilimwambia habari ya mabati. Sijui kwa nini, haikuwa mizani, mabati si mama wa mtu. Alitikisa kichwa tu.

Baadaye akasema ndiyo maana alitaka wodi. Na mshale ule wa ng'ombe aliutaka sana kwa sababu alifikiri ukikaa pale juu, na wanawake wakaambiwa huu ni wa maziwa, siku moja neno mshale litakuwa na maana hiyo nyingine hata kwake. Alifikiri unaweza kuoshwa hivyo.

"Lete hiyo karatasi ya kuuondoa," alisema.

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimekuja na zote mbili, kwa sababu mimi ni karani. Alisaini juu ya paja, akaandika jina lote na namba ya kitambulisho. Kisha akaniomba nisimwambie Charity kwa nini amekubali. Niseme tu amekubali. Nikaahidi.

Jumapili, 3 Septemba

Philip amesaini, na mimi chini yake. Aliuliza Kiptoo amelainishwaje. Nikasema aliombwa. Philip akasema anajua kuchagua katibu, na amekwisha anza kuwaambia watu kwamba yeye ndiye aliyetatua mgogoro. Kwa mara ya kwanza nimeona kwamba kile nilichokiita ukubwa ni kutosoma.

Jumatatu, 4 Septemba

Bwana Silvesta ameipokea karatasi saa nne kasorobo. Akasoma maneno mapya simuni, polepole: ngao iliyogawanywa na mto mweupe wenye mawimbi, juu kijani, chini nyekundu yenye chungu cha dhahabu. Kisha akasema watu wataniuliza kwa nini juu ni patupu, na akashauri tukubaliane mapema jibu gani tutatoa. Nikamwambia jibu lipo ila si langu. Akasema basi nembo iko sawa.

Jumamosi, 9 Septemba

Bado hati. Sili vizuri. Faridah amenipikia matoke na kukaa mbele yangu mpaka sahani ikawa safi.

Jumatano, 13 Septemba

Imetoka! Picha ya hati imefika kwenye simu, na lakiri nyekundu chini. Hati yenyewe itapelekwa Kapsimbi, na muuguzi amekwisha agiza mchoraji. Nimelia nikiwa nimeshika faili la mgonjwa aliyekuja kusafisha meno.

Ijumaa, 15 Septemba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya kile kizuizi cha kazi za nje wakati wa mchana, na walinzi na mafundi wamekuja mkutanoni wakisema kiangazi kimekwisha, ingawa kuta bado zinaunguza mkono. Wamefika watu arobaini na mmoja. Philip alionyesha picha ya nembo ukutani kwa mashine ya hoteli yao. Ilikuwa kubwa, na kweli kutoka mwisho wa chumba unaona mto na chungu, na ule uwanja wa kijani juu usio na kitu. Mtu mmoja wa juu alilalamika kwamba upande wao haukupewa chochote. Kiptoo alisema waambieni upande wa juu wameacha nafasi. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyemwuliza.

Nilimfuata Charity jikoni. Nilitaka kumfurahisha. Nikamwambia Kiptoo amejitoa sana, ule mshale alikuwa amesema ukitoka na jina lake litoke, ila alipoisoma barua yake hakusita. Nikamsifu Kiptoo mpaka nikajisikia naongopa, ingawa hakuna neno lililokuwa uongo. Charity aliendelea kupanga vikombe kwenye sinia.

"Alikuambia walikuwa saba?" aliniuliza.

Nikaokota kikombe nikakipanga mwenyewe. Nilikuwa nimeahidi.

"Nilikuwa ndani ya makonge, Milka. Walishuka mpaka barabarani wakasimama karibu nami, kama wewe na hilo friji. Wengine walikimbia. Yeye alivua koti akamfunika mama. Nilimjua siku ya kwanza alipoingia mlango huo na kusema jina lake."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia, miaka minne yote hii.

"Mngefanya nini? Mngepiga kura." Akafuta sinia lililokuwa kavu. "Nilingoja aseme mwenyewe. Kila Ijumaa namtilia chai nangoja. Halafu siku hiyo akaleta mshale, anataka uwekwe mlangoni, na bado hajasema. Ile barua sikuwaandikia Nairobi. Nilimwandikia yeye, nikaipitishia Nairobi."

Nikamwambia sasa amesema, basi. Amesema na ametoa mshale.

"Amesema kwako," Charity alijibu. "Kwangu bado."

Nilitoka jikoni. Kiptoo alikuwa amekaa karibu na dirisha, mbali na ukuta wenye picha. Nikamwambia Charity anamwita. Aliniuliza kwa macho kama nimevunja ahadi, nikatikisa kichwa, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba Charity alijua siku zote. Aliinuka, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akaenda. Niliuvuta mlango nyuma yake.

Naandika haya nikiwa nimekalia kiti nilichokiweka mbele ya mlango huo. Watu wanapiga picha na nembo ukutani. Mwenyekiti amekuja mara mbili kuulizia chai na nimemrudisha, mara ya pili kwa ukali. Ndani kuna sauti moja tu, ya kiume, ya chini, na mpaka sasa hakuna aliyeikatiza.